Imelika, Imeliwa

Mama mkwe wangu alianza kunishuku kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi moja alisimama uani na kanga mbichi mkononi, akanyoosha mkono, na kamba ikabaki juu ya vidole vyake. Akajinyoosha tena, akaikosa. Akageuka kunitazama mimi niliyekuwa naosha vyombo.

"Nani kaipandisha hii kamba?"

Nikamwambia hakuna aliyeigusa. Kamba ile ilifungwa na mwanawe mwenyewe, kati ya mpera na nguzo ya banda la kuku, na fundo lake lilikuwa limeshakakamaa kwa jua na mvua. Akaguna, akanipa kanga nimwanikie. Wiki chache baadaye ikawa zamu ya kopo la chumvi, ambalo alidai nimelihamishia juu makusudi ili awe ananiomba. Kopo lilikuwa palepale lilipokaa miaka yote.

Na mimi sikuzaliwa na moyo wa kuamini watu. Nilimwona anaanza kutembea ameinama, macho chini, na nikajua moja kwa moja kwamba anakwepa kunitazama. Akiingia jikoni na mgongo umepinda, nasema moyoni, haya, leo kaamka na lake. Tukawa tunaishi hivyo, yeye anachunguza urefu wa vitu na mimi nachunguza mgongo wake.

Ni vizuri niseme mimi ni nani katika nyumba ile. Mimi ni Msukuma. Baba yangu alishuka na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa nikiwa mdogo, tukaingia bonde hili la Kilombero, na kaka zangu mpaka leo wako upande wa Chita na mifugo yao. Nikaolewa Ifakara, kwa Wapogoro ambao wazee wao walitoka Mahenge, watu wa misa ya kwanza na wali wa nazi. Mume wangu ana kazi kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu na huja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa mimi, watoto watatu na mama yake. Hakuna aliyewahi kunitukana. Lakini dada na ndugu wa mama mkwe wakija, mazungumzo huwa ya Kiswahili mpaka nifike mlangoni, halafu yanahamia Kipogoro. Nilikaa miaka mingi kama mgeni aliyechelewa kuondoka.

Siku aliyoanguka tulikuwa tumeanika mpunga uani kwenye turubai. Mawingu yakatokea upande wa milimani, na anayelijua bonde letu anajua kwamba mvua ya namna ile haikupi nafasi ya kufikiri. Tukakimbilia kuukusanya. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya turubai na ufagio, mimi nimeinama nimeshika ncha tayari kukunja. Kabla sijavuta, akateleza kwenye punje, akatanguliza mkono wa kulia, na nikasikia mlio mdogo wa kijiti kikavu kikivunjwa.

Sikuvuta. Nilisema hivyo siku ile na siku zilizofuata, kwa watu ambao walishaona turubai, mkwe katikati yake, na mkono wangu kwenye ncha.

Kilichoniponza ni kwamba kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo mno. Hakudondoka kutoka juu ya kitu chochote. Alidondoka kutoka kwenye kimo chake mwenyewe, tena kwenye mpunga. Mimi nimewahi kuanguka na baiskeli na gunia juu yangu nikainuka nikajikung'uta. Mtu mzima aanguke kwenye mpunga mkono uvunjike? Hata mimi nisingeamini kama ningesimuliwa. Ningeuliza aliyesukuma ni nani.

Hospitalini walimpiga picha, wakamwingiza chumba cha plasta, na daktari akaniita mimi pembeni. Alikuwa kijana, mpole wa sauti, na nikamshuku kidogo kwa sababu ya upole huo. Akanionyesha picha. Mfupa wenye afya, alisema, ungeonekana mweupe na mzito. Wa mama ulikuwa umefifia, mtu angeweza karibu kuona upande wa pili.

"Mifupa ya mama imelika," akasema. "Mkono haukuvunjika kwa sababu kaanguka vibaya. Umevunjika kwa sababu ulikuwa tayari kuvunjika. Hebu niambie, mama amepungua kimo siku hizi?"

Nikashtuka. Nikamweleza habari ya kamba na kopo la chumvi, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za nyumba anayoifahamu. Akaniambia uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na zikilegea ndani zinabonyea polepole, hata bila mtu kuanguka, basi mwenye mgongo anashuka na kuinama. Kumbe hakuwa ananikwepa macho. Nililipokea hilo shingo upande, maana nilikuwa nimeshajizoeza kukasirika.

Halafu akaniambia lililo kubwa. Mkono utaunga, alisema, lakini akianguka tena huenda ikawa nyonga, na wazee wengi wakivunjika nyonga hawarudi kutembea kama zamani. Kwa hiyo asilale ndani. Atembee, maana mfupa usiopewa kazi unazidi kudhoofika. Apate jua, anywe maziwa, ale mboga za majani, na dagaa atafune na mifupa yao asichambue. Na akaniandikia vidonge vya madini ya chokaa. Nikasema nimeelewa, na nilielewa kweli. Tatizo lilikuja kwenye kulisema.

Tulifika nyumbani tukamkuta mdogo wake wa kike, ambaye tunamwita mama mdogo, amewasili kutoka Mofu na samaki wake wa kukausha. Mama mkwe akakalishwa kwenye kochi na plasta yake. Mume wangu alikuwa kwenye simu kutoka Kidatu, spika imefunguliwa, simu imewekwa mezani katikati yetu.

"Haya," mama mdogo akasema. "Daktari kasemaje?"

"Kasema mifupa ya mama imeliwa."

Nilipokulia mimi tulisema hivyo. Jembe limeliwa, soli imeliwa, jino limeliwa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Lakini mama mdogo aliweka chini kikombe chake.

"Imeliwa na nani?"

"Haijaliwa na mtu. Imeliwa tu, kwa ndani, taratibu."

"Tangu lini?"

"Daktari anasema ni miaka mingi."

Mama mdogo akanitazama, na niliona kabisa anachofanya: anapiga hesabu ya miaka niliyokaa mle ndani. Mama mkwe akautazama mkono wake uliofungwa, kisha akanitazama mimi.

Hapo ndipo nikang'amua. Daktari alisema imelika, mimi nikasema imeliwa. Herufi moja tu. Lakini kinacholika hulika chenyewe, na kinacholiwa kina mlaji, na katika nyumba ile mlaji alikuwa na mahali pa kutafutwa. Mtu wa kuja, kutoka huko wanakosemwa kwa uchawi, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika turubai.

"Nilikusudia imelika," nikasema.

"Sasa unabadilisha," mama mdogo akajibu.

Nikienda mbele najieleza, na anayejieleza sana hushukiwa. Nikirudi nyuma nimekiri.

Kuanzia kesho yake mama mdogo alishika jiko. Hakuna aliyeniambia niondoke jikoni. Nilikuta tu moto umeshawashwa na kigoda changu kimekaliwa. Maziwa niliyachukua kwa Msukuma mwenzangu anayepita na madumu kwenye pikipiki, nikayachemsha, nikampelekea mama mkwe. Nikakuta paka anayanywa kibarazani kwenye bakuli. Siku ya pili paka yuleyule. Niliumia, na nitakuwa mwongo nikisema sikumchukia paka.

Vidonge navyo vilikuwa na kesi yake. Mama mdogo aliuliza ni vya nini, nikasema vya chokaa, kwa kuwa ndivyo daktari alivyosema. Akatoka navyo nje akavichunguza juani, vikubwa, vyeupe, vya unga.

"Chokaa hii ya kupaka ukutani?"

"Hapana mama, ni madini. Ndiyo yanayojenga mfupa."

"Kwanza mifupa imeliwa, sasa mtu anapewa chokaa ale." Akavifunga kwenye mfuko wa nailoni na sikuviona tena. Alikuwa na unga wake, wa mizizi, alioununua sokoni kwa mtu mwenye kipaza sauti ambaye alitibu mifupa, presha na nguvu za kiume kwa kopo lilelile. Hapo mwenye kushuku nilikuwa mimi peke yangu.

Lililonitesa zaidi ni kwamba mama mkwe aliacha kutoka. Alilala ndani mlango umerudishwa. Nikimwamkia asubuhi, "Shikamoo mama," alijibu "Marahaba" akiwa ameuelekea ukuta. Mwanamke aliyekuwa anatembea mpaka shambani na kurudi na mzigo kichwani sasa alikwenda chooni kwa kushika ukuta, mguu unaburuzwa. Nikisikia ndala zake sakafuni naacha ninachofanya. Nilikuwa nasikiliza ule mlio wa kijiti. Nilimwogopea, na niliogopa pia kwa ajili yangu, kwa sababu nilijua wazi kwamba akianguka mimi nikiwa hata sokoni, nitakuwa ndiye niliyemwangusha. Vitu vyote alivyokatazwa na daktari ndivyo alivyokuwa anavifanya, kwa sababu vyote alivyoruhusiwa vilipitia mkononi mwangu.

Mume wangu akapiga simu. Aliuliza habari za watoto mara mbili kabla ya kulifikia alilopigia.

"Mama watoto, labda ungekwenda kwa kaka zako kidogo. Mpaka mama apone."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Watoto watabaki, wana shule."

Ninakijua Kiswahili vya kutosha kufahamu kwamba "kidogo" akiambiwa mke haina mwisho. Nikamuuliza kama na yeye anaamini nimemla mama yake. Akasema yeye ni msomi, haamini mambo hayo, ila nyumba inahitaji amani. Nilimfahamu mume wangu. Angekuwa haamini kabisa asingetaja usomi.

Siku ya kutolewa plasta alikuja mwenyewe na basi. Mpango wake ulikuwa twende wote hospitali, halafu anisindikize kituo cha treni nipande kwenda Chita. Begi langu lilikuwa limefungwa, limewekwa karibu na mlango. Watoto walilipita bila kuuliza, na kutouliza kwao kulinikata maini kuliko kilio. Mama mdogo alitaka kuja pia, kwa hiyo tukajipanga kwenye bajaji, mimi nimebanwa pembeni.

Daktari alikuwa yuleyule. Alikata plasta, akashika mkono uliokuwa umekonda, akamwambia mama afumbe na kufumbua vidole. Kisha akauliza anakunywa maziwa, anatembea, anapata jua? Tukatazamana. Hapo mama mkwe akamwambia:

"Daktari, mimi nina swali moja. Mifupa yangu kaila nani?"

Mume wangu akatazama dirishani. Mimi nikaitazama sakafu. Daktari hakucheka, na kwa hilo namshukuru.

"Mama, mfupa si kijiti kilichokufa. Uko hai. Uchukulie kama nyumba ya udongo inayobomolewa kidogo na kukandikwa upya kila wakati. Humo ndani una mafundi wa aina mbili, wanaobomoa na wanaokandika. Ulipokuwa msichana wanaokandika walikuwa wengi. Damu ya mwezi ilipokoma, wanaokandika wakapungua kasi, wanaobomoa wakaendelea."

"Na kwa nini wabomoe?"

"Kwa sababu mifupa ndiyo ghala. Yale madini ya chokaa yanatakiwa kwenye moyo ili upige, kwenye misuli ili ijikunje. Yasipoletwa kwa chakula, mwili unakwenda kuchota ghalani. Hata mtoto akiwa tumboni anachota kwa mama yake, akinyonya anachota."

"Mtoto?"

"Ndiyo, mtoto. Ila akiacha kunyonya, mwili hujaza tena pale palipopungua. Kwa hiyo shida yako hasa ni umri, na..."

Mama mkwe alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alikuwa amegeuka kitini, polepole, mwili mzima kwa sababu shingo ilikuwa ngumu, na anamtazama mwanawe. Mume wangu ndiye mziwanda wake. Katika ukoo ule kuna kichekesho kinachorudiwa kila sikukuu, kwamba alinyonya mpaka akawa anakuja na kigoda chake mwenyewe.

"Baba," akamwambia, "kumbe ni wewe."

"Mama, daktari amesema mwili hujaza..."

"Kumbe ni wewe uliyenila."

Mama mdogo akataka kusema kitu kwa Kipogoro. Mama mkwe akamkata, kwa Kiswahili, tena kwa sauti ambayo ilikuwa haijasikika tangu siku ya mpunga. "Umemsikia daktari. Na wewe una wako sita, jitazame."

Daktari alijaribu tena kueleza habari ya umri. Mimi, niliyejua vizuri alichomaanisha, sikumsaidia. Nilishawahi kufikisha maneno ya daktari katika familia ile na niliona matokeo yake.

Tulipotoka nje mume wangu akaanza kutafuta bajaji ya kituoni. Mama mkwe akasimama palepale kwenye jua, mkono mmoja umeshika bega langu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Na huyu unampeleka wapi?" akamuuliza.

"Si tulikubaliana aende kwa kaka zake kidogo."

"Aende, halafu nibaki na nani? Na wewe?"

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Sijui kama aliamini kweli kwamba mwanawe ndiye mlaji, au alikuwa ameona mlango wa kutokea akautumia. Mama mkwe si mjinga, na macho yake siku ile yalikuwa na ucheshi ambao sikuweza kuuhakikisha. Nikimshuku kwa wema namwona mwerevu. Nikimshuku kwa ubaya naona alipata tu mtu mwingine wa kumlaumu. Begi nililifungua mwenyewe jioni ileile, na mama mdogo akarudi Mofu kesho yake akisema ana palizi.

Lakini msidhani mambo yalinyooka. Jioni hiyohiyo mama mkwe aliita akisema nimletee maziwa. Nikayachemsha, nikayapooza, nikampelekea na sahani ya dagaa. Akakitazama kikombe.

"Onja."

Nikaonja, nikampa. Akanitazama koo mpaka alipohakikisha nimemeza, ndipo akanywa. Ikawa ndiyo desturi yetu. Asubuhi anatoka juani, anatembea mpaka kwenye ua na kurudi, mwanzo ameshika bega langu, baadaye ameshika fimbo, baadaye hajashika kitu. Vidonge vipya nilivileta, akaviuliza jina, akavimeza. Dagaa alitafuna na vichwa. Na kila jioni, kabla ya maziwa, neno lilelile: onja. Nilikuwa naonja kwa hasira. Nilikuwa navuta funda dogo kabisa, la kumkomoa, namkabidhi kikombe chake na naondoka. Nilijiambia huyu mama atakufa siku moja akiwa na afya nzuri na bado hajaniamini.

Jioni moja nikaonja kama kawaida. Akakipokea kikombe, akachungulia ndani, akanirudishia.

"Kunywa mpaka nusu."

Nikaona ameongeza mtihani. Nikafikiri, sasa anahisi sumu inakaa chini. Nikanywa mpaka nusu, nikampa. Kesho yake tena, mpaka nusu. Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda.

"Mama, mpaka leo unanishuku?"

Alikuwa amekaa kibarazani, mkono uliounga umelala mapajani. Akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa habari za mwaka mwingine.

"Wajukuu zangu wote watatu wamenyonya kwako," akasema. "Mimi unaniletea, wao unawapa. Wewe ya kwako anakupa nani?"

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Akangoja mpaka nikanywa.